Dakika Mbili Mwisho wa Upande A

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Betri ziko juani tangu saa mbili. Nane, juu ya bati la jiko, nimezihesabu. Wiki iliyopita nilizikuta saba na majirani wote wakaniambia ni kunguru. Kunguru wa Kasulu anakula betri. Haya.

Orodha ya wiki tayari. Nyimbo kumi na mbili, sita kila upande. Upande A unaanza na dansi la Dar na kumalizika na kwaya ya akina mama wa Nyakitonto, niliyoirekodi mwenyewe nikiwa nimepiga magoti kwenye majani. Mwisho wa kila upande nimeacha dakika mbili tupu ili wimbo usikatwe shingo. Mwalimu mkuu msaidizi naye ameanza kuweka redio dirishani kwake. Orodha yake ya wiki iliyopita ilikuwa yangu, kageuza tu namba. Lakini kaseti zake zinakatika katikati ya kiitikio. Hajui siri ya dakika mbili.

Karatasi nayo nimeibandika. Wiki hii: kuchemsha maji. Miaka mitatu nimekuwa nikibandika karatasi kwenye ubao huu nje ya dirisha langu na hakuna aliyesimama kusoma habari za vyoo. Nilipoweka redio, wakasimama. Sasa naandika, "Huu ni wimbo wa tatu, msikilize mpiga gitaa, na wakati unasikiliza soma hapa chini kuhusu kuhara." Wanasoma. Nimewaona midomo inatembea.

Kaseti mama imerudi kutoka kwa Mama Nestori, fundi cherehani, nyumba ya pili kutoka kwangu. Ndiye mwenye redio ya deki mbili, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kila Jumapili jioni nampa kaseti, anawanakilia wanaotaka, Jumatatu ananirudishia. Nakala zinafika Manyovu, zinafika Kibondo, zinafika hadi kambini. "Kaseti ya Bwana Afya." Nasikia kwenye vizuizi vya barabarani ukisema hivyo hawakupekui.

Nafurahi. Naandika ili nisisahau kwamba nilifurahi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya soko. Dirishani watu arobaini au zaidi. Wengine sijawahi kuwaona. Viatu vya matope mekundu, matope ya mbali.

Jambo moja limenikera. Kwaya ilipomalizika nilikuwa ndani napakua ugali. Nikachelewa kugeuza kaseti. Nilitegemea watu waanze kupiga soga. Kimya. Hakuna aliyekohoa. Nilipotokea dirishani nikabonyeza na kugeuza, na mwanamke mmoja akanitazama kana kwamba nimemnyang'anya sahani.

Wanasikiliza nini baada ya nyimbo kwisha?

Jumapili, 12 Oktoba

Nimetega. Baada ya misa, watu walipojaa, nikaacha kaseti iende mpaka mwisho. Nikajifanya nashona kifungo.

Kwaya ikaisha. Mchakacho. Halafu sauti ya mwanamke, mzee, taratibu, kwa Kirundi au Kiha, mimi mtu wa Tanga sijui mpaka uko wapi. Akafuatia mwanamume. Akafuatia mwanamke mwingine. Kila mmoja maneno machache. Halafu tak, kaseti ikasimama.

Kwenye kaseti yangu. Kwa sauti ya redio yangu. Kwa betri zangu.

Hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo lililonishtua mimi. Mwanamke mmoja mwenye kitenge cha kijani aliinuka kabla ya mwisho, akashika njia ya Manyovu karibu anakimbia, hata kikapu chake alikisahau.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeikagua kaseti. Mgongoni, vile vipande viwili vya plastiki nilivivunja mwenyewe ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Kwenye tundu kuna alama ya gundi. Mtu aliziba kwa karatasi, akarekodi, akabandua. Mtu mwenye mkono mwepesi na gundi ndani ya nyumba.

Fundi cherehani.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemwita Sospeter, tarishi wetu, Muha wa hapahapa. Nikamsikilizisha ofisini, mlango umefungwa. Alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi.

Akasema wanasalimiana tu.

Nikamwambia salamu haina milima. Maana majina ya milima nimeyasikia, moja nimelishika, Gasenyi. Akakubali. Mmoja anataja mlima, jina la baba yake, na kwamba ni chini ya kanisa. Mwingine ni wa kwenye kivuko, karibu na mvule uliokatwa. Nikamuuliza salamu gani hiyo ya kuelekezana vivuko. Akatazama kofia yake. Akasema, "Bwana Afya, mimi nimekutafsiria. Mengine unaongeza wewe."

Ananificha. Anamjua Mama Nestori tangu utoto.

Wiki iliyopita tulikusanywa watumishi wote. Tuliambiwa tufumbue macho. Kuna watu wanavuka usiku, kuna watu wanakutana, na wakimbizi wote walio nje ya kambi watapelekwa kambini. Nilikaa mstari wa nyuma nikidhani hayanihusu. Kumbe yamekaa dirishani kwangu yanaimba.

Milima. Vivuko. Majina ya wazee. Hii ni ramani. Na jina langu ndilo linaivusha vizuizini.

Naogopa. Pia nimekasirika, na hasira ni kubwa kuliko woga.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekwenda kwa Mama Nestori na daftari la ukaguzi. Akacheka aliponiona. "Karibu, Bwana Afya. Choo kiko palepale ulipokiacha."

Choo ni kisafi. Kina mfuniko. Niliandika "safi" kwa uchungu.

Ndani kulikuwa na watu watatu kwenye benchi. Nikawasalimu, wakaitikia wakitazama sakafu. Nikauliza wanasubiri nini. Akasema wateja, wanapimwa. Futi ya kupimia ilikuwa imeviringishwa ndani ya kopo juu ya kabati. Cherehani imefunikwa. Deki mbili haikufunikwa.

Nikauliza kama kaseti yangu huwa inatoka nje ya mikono yake. Akasema haitoki. Nikauliza kama anafuta chochote. Akasema hajawahi kufuta wimbo wangu hata mmoja. Jibu la mwanasheria. Sikuuliza nilichotaka kuuliza. Nilitaka ajichanganye mwenyewe.

Mumewe alikuwa Muha. Yeye mwenyewe alivushwa mpaka na wazazi wake waliokimbia mauaji mwaka wa sabini na mbili, msichana wa miaka minane. Anasema Kiswahili vizuri kuliko Sospeter. Miaka mitatu amenishonea suruali na kunikaribisha viazi na maharage. Nimekuwa mjinga, au yeye ni hodari.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeandika karatasi mpya. Nimeiandika mara nne ili iwe na adabu. Sikutaja jina la mtu. Nimesema hivi: kaseti inayopigwa hapa imechafuliwa. Kuna anayetumia mashine ya deki mbili kupenyeza maneno ya mafumbo, majina ya milima na vivuko, na kuyasambaza kwa jina la mtumishi wa umma. Mwenye mashine hiyo ajue tunamsikia.

Nimebandika saa kumi. Herufi kubwa, wino mwekundu kwenye neno "tunamsikia".

Nimejisikia mwepesi. Nimekula vizuri.

Jumapili, 19 Oktoba

Hakuna mtu. Kutoka misa wamepita upande wa pili wa barabara, hata watoto. Nimepiga upande A wote mbele ya mawe na kuku. Mwalimu mkuu msaidizi peke yake alisimama, akasoma, akaondoka bila kunisalimu. Nahisi amefurahi.

Jumanne, 21 Oktoba

Wamemchukua Mama Nestori.

Saa tatu asubuhi. Maafisa wawili wa uhamiaji na mgambo. Walianzia dirishani kwangu. Mmoja alisoma karatasi kwa sauti, akaibandua taratibu asiichane, akaikunja, akaitia mfukoni. Akaniuliza swali moja: mji huu una deki mbili ngapi. Nikasema ninayoijua ni moja.

Nilikuwa najua tangu Ijumaa kwamba ni moja. Nilipoandika "sikutaja jina la mtu" humu, niliandika uongo.

Kwake hawakuuliza habari za milima. Waliuliza karatasi. Hana. Kadi ya chama anayo, cheti cha ndoa cha parokia anacho, risiti za kodi ya kichwa za mumewe anazo. Karatasi ya uraia hana. Hakuna aliyewahi kumwambia aitafute. Wakasema basi, kambini, lori liko pale. Akaomba kuzima mkaa wa pasi. Wakamruhusu.

Alipita mbele yangu na mfuko mmoja na mto wake wa sindano. Nilidhani atanitemea mate. Akasema, "Kuna suruali yako kwenye kabati, Bwana Afya. Imebaki pindo."

Ile mashine wakanikabidhi mimi. Kidhibiti. Nimetia sahihi. Iko hapa mezani, imenielekea na milango yake miwili.

Mwanawe Nestori yuko Mwanza. Sijui nani atamwandikia.

Jumatano, 22 Oktoba

Sikulala. Saa kumi na mbili nikaenda kwa Sospeter. Mkewe hakunikaribisha ndani. Alikuja lakini, Sospeter, na tukakaa mezani na kaseti yangu na nyingine sita nilizozikuta kwa Mama Nestori, chini ya cherehani. Nikamwomba atafsiri neno kwa neno, nami nitaandika na sitaongeza langu.

Hizi ndizo:

"Mimi ni Kandida wa Ntamavukiro, wa mlima Gasenyi, chini ya kanisa. Nipo hai. Niko na mtoto mmoja. Anayemjua dada yangu Eujenia amwambie niko kambi ya Kibondo, karibu na bomba la tatu."

"Mimi ni mtoto wa Ruvakubusa, wa kwenye kivuko, palipokuwa na mvule uliokatwa. Mguu umepona. Namtafuta mke wangu."

"Mimi sina wa kumtafuta. Nataka tu anayenijua ajue nipo."

Kaseti saba. Watu sitini na kitu. Wote wamejibana kwenye zile dakika mbili zangu tupu.

Nikamuuliza Sospeter, mbona milima. Akasema kwao mtu hajulikani kwa jina, majina yanafanana. Utaulizwa mlima wako, utaulizwa baba yako, utaulizwa upo upande gani wa kitu ambacho kila mtu anakijua. Ndivyo mtu anavyoeleza kwamba yeye ni yeye. Hata Waha wanaulizana hivyo sokoni. "Na wewe umekaa hapa miaka mitatu," akasema, "hakuna aliyekuuliza mlima wako, ukaona ni jambo la kawaida."

Yule wa kitenge cha kijani ni Eujenia. Sospeter anamfahamu, anauza dagaa Manyovu. Siku ile nilipotega ndipo alipomsikia dada yake. Alikuwa anakimbia kujiandaa, awahi lori la jioni la Kibondo.

Mimi nilikuwa nashona kifungo na kumhesabia hatua.

Naona aibu. Sina neno lingine, na sitalitafuta.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimekwenda ofisini kwa wale maafisa na tafsiri, kurasa tano, mwandiko wangu bora. Nikasema nilikosea. Afisa alisoma ukurasa mmoja. Akasema haya mambo ya salamu ni mazuri, lakini yule mama hakuondolewa kwa salamu. Aliondolewa kwa kukosa karatasi. Nikasema msingekwenda kuuliza karatasi kama si mimi. Akasema ni kweli, na wamenishukuru kwa maandishi, barua iko njiani.

Nikaomba karatasi yangu ya ukutani. Haipatikani. Iko kwenye faili, ukurasa wa kwanza.

Katekista ameandika barua kwamba alishuhudia ndoa yake. Majirani kumi na mmoja wametia sahihi, Mwalimu mkuu msaidizi ndiye aliyezungusha kalamu. Alipofika kwangu alinipa kalamu, nikatia sahihi. Yule mtu niliyemshuku kwa wizi wa orodha. Labda ameiba kweli. Leo sijali.

Tumeambiwa shauri sasa liko Kibondo.

Alhamisi, 30 Oktoba

Soko. Sikufungua dirisha. Nimekaa ndani nikisikia nyayo zinakuja, zinasimama, zinaondoka. Mara moja mtu aligonga bati kwa kidole, polepole. Sikuitika. Ningemwambia nini.

Barua ya shukrani imefika. Nimeiwashia jiko.

Jumatatu, 3 Novemba

Kibondo. Nimepanda lori la chokaa ya vyoo, kisingizio changu cha kikazi. Nimeshuka mweupe kama msukule. Watoto wamenikimbia.

Nimemkuta Mama Nestori kambini, kwenye mstari wa nne wa maturubai. Tayari ana kazi. Anashona magunia kwa mkono, anayatia mishono miwili. Akaniletea kigoda. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima, nikasema maneno matatu, yakakwama.

Akaniuliza habari za kodi ya nyumba, za kuku wake, kama mvua imefika bondeni. Nikajibu yote. Halafu nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilitaka nigawane naye kosa, nakiri.

"Wewe ukiuliza kitu, Bwana Afya, mtu anajibu huku anatafuta karatasi zake. Mimi sikuwa na karatasi."

Akashona. Baadaye akasema kaseti yangu aliichagua kwa sababu ni ya mtu wa serikali, haipekuliwi, na kwa sababu namaliza nyimbo zangu vizuri. Wengine wote hukata. Alisema aliona ni adabu kutumia nafasi ambayo mwenyewe hana haja nayo.

Akauliza waliokuja Alhamisi nimewaambia nini. Nikasema sikufungua.

Hapo ndipo alipokasirika. Si kwa kuletwa huku kwa ajili yangu, ni hapo. Akaweka sindano chini. "Kuna mtu ametembea kutoka Kagerankanda, siku nzima. Amefika amekuta dirisha limefungwa, anasema basi, wamekufa. Fungua dirisha, Bwana Afya."

Nikamwambia sijui lugha. Nikamwambia mashine ni kidhibiti, nimetia sahihi. Akasema kwani sahihi yangu inasema mashine isiguswe, au inasema itunzwe.

Inasema itunzwe.

Nilimpa bahasha ya sukari na chumvi niliyokuwa nimembebea. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima ileile ya siku zote, na hilo lilinichoma kuliko kama angeikataa. Hakusema amenisamehe. Sikumwuliza.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefungua. Nimepiga kaseti ya zamani, pande zote mbili, mpaka mwisho. Watu wanane. Wamesimama mbali, ng'ambo ya mtaro.

Kwenye ubao nimeandika jina langu, kwamba yale ya karatasi ya wino mwekundu yalikuwa uongo na aliyeyaandika ni mimi. Wamesoma. Mzee mmoja alisoma mara mbili, akatikisa kichwa, akaenda zake. Sijui alitikisia nini. Zamani ningemfuata.

Jumatano, 12 Novemba

Jibu kutoka Kibondo: maombi yamepokelewa. Basi. Nimeandika tena. Nitaandika kila wiki mpaka wanichoke, kazi hiyo ya kuchosha watu naiweza.

Jumamosi, 15 Novemba

Amekuja mtu. Asubuhi, nikiwa nanakili orodha. Mwanamume wa makamo, amevaa koti la mvua lisilo na vifungo. Alisimama mlangoni akauliza kama hapa ndipo kwa Mama Nestori. Nikasema mwenyewe hayupo, lakini ni hapa.

Akaniangalia, akaangalia daftari la ukaguzi juu ya meza. Nikaliondoa, nikaliweka chini ya kitanda.

Nilimkalisha mbele ya mashine. Nikaziba tundu la kaseti kwa karatasi. Nikamwonyesha kwa kidole: nikishusha mkono, sema. Akavua kofia kana kwamba kuna mtu humo ndani.

Alisema kwa ufupi. Nilisikia mlima, nikasikia jina la baba. Halafu akakoma. Nikadhani amemaliza, nikapeleka kidole kwenye kitufe. Alikuwa bado anaitazama mashine, midomo imefunguka, hakuna kinachotoka. Nikaondoa kidole. Kaseti ikaendelea kuzunguka na pumzi yake ndani. Zilikuwa zimebaki kama sekunde arobaini, na zilikuwa zake.

Mwisho akasema neno moja. Kaseti ikasimama yenyewe.

Sikumuuliza amesema nini. Nilimwambia Alhamisi itasikika hapa dirishani, na nakala itakwenda na lori la Kibondo. Akashukuru, akavaa kofia, akaenda kunywa maji kwenye mtungi wa nje. Niliyachemsha jana.